Mgeni wa Mwisho

Jumatatu, 2 Machi

Kwako Bosi wa Mashuka,

Barua hii ikukute mzima, umekaa, na hakuna anayekuita. Mimi ni mzima kama kengele mpya. Kwanza nikupongeze kwa wazo lako la kuacha kugombana kwenye simu. Tangu tukubaliane mambo mazito tuyaandike na kumpa dereva wa basi, hujanikatia simu hata mara moja, na sikio langu la kulia limeanza kupona.

Kazi inakwenda. Hapa hotelini niliajiriwa kuwa fundi baiskeli, lakini leo hii bila mimi wageni hawatoki getini. Kila Jumamosi tunatoka na msafara wa baiskeli kuzunguka mashamba ya mizabibu, kuanzia asubuhi hadi jua linapoanza kulegea. Tunapita kati ya mistari ya zabibu, tunasimama kwenye viwanda vya mvinyo, wageni wanaonja na kutema, wanaonja tena, halafu wanaacha kutema. Mimi kazini sionji, ila nikinusa tu najua pipa lipi lina kiburi. Unanijua nilivyozunguka. Nimepaka rangi meli, nimebeba mizigo viwanja vya ndege, nimewapikia wachimba migodi waliokuwa hawajui kucheka mpaka nikawafundisha. Ila kazi iliyonikaa mwilini kama shati la kushonewa ni hii. Na hata hapa wananiita Redio, sijui nani aliwaambia.

Sasa sikiliza. Kuna mgeni amejitoa kwenye msafara wa Jumamosi ya tarehe 21. Nafasi yake nimeinyakua, ni yako. Nimeshaongea na Bi Meneja, amekubali. Njoo na basi la alfajiri, urudi na la jioni, mashuka yako hayatajua kama uliondoka. Baiskeli nimeshakuchagulia, nimeifungia breki mpya na kuipaka mafuta mpaka inateleza yenyewe ukiiangalia vibaya.

Najua hospitali wanataka jibu lako kuhusu ule mkataba. Ninaomba kitu kimoja tu: usiwajibu kabla hujaja huku. Nina jambo la kukuambia, nalo halitoshi kwenye karatasi.

Mumeo,
Redio


Jumapili, 8 Machi

Mume wangu,

Barua yako ilinikuta nimesimama, na wanaoniita walikuwa wawili. Mashine kubwa ya kukaushia imekufa tena. Mashuka ya wodi ya upasuaji tunayaanika kwenye reli za ngazi, daktari mkuu akipita anainama kama anaingia kwenye hema.

Nitakuja. Nimebadilishana zamu na mwenzangu wa pasi, ambaye sasa ana haki ya kunidai wikiendi yangu yoyote mpaka nitakapostaafu. Baiskeli sijaipanda tangu nikiwa msichana, na hiyo ilikuwa ya kaka yangu, haikuwa na kiti. Sasa jiandae kuniokota.

Kuhusu mkataba, nauandika vizuri ili usije ukasema hukuelewa. Wananitaka niwe mkuu wa chumba cha kufulia cha jengo jipya. Ni kazi ya miaka mitatu, na inakuja na nyumba. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha, la sivyo wanampa mtu mwingine. Redio, tangu tuoane tunaishi hivi, wewe huko, mimi hapa, tunaonana nikipata likizo nikaja kwako. Sitaki kutia saini miaka mitatu mingine ya namna hii kabla sisi wawili hatujasemezana. Na mimi pia nina jambo, nalo ni la mdomo.

Kwa hiyo nina sharti. Nakuja kuongea na wewe. Siji kukusikiliza ukiongea na wageni. Niahidi.

Mkeo


Alhamisi, 12 Machi

Mke wangu,

Naahidi. Naahidi kwa breki zote nilizowahi kufunga. Siku nzima tutakuwa pamoja, nimepanga mwenyewe, hakuna atakayeingia kati yetu. Watu watatuona watadhani ndiyo kwanza tumeoana.

Vaa suruali, sketi inapenda kuingia kwenye cheni. Usile sana asubuhi, njia ya kwanza ina matuta. Na ukifika usishangae wageni wakinisalimia kwa jina kabla ya kumsalimia Bi Meneja. Ndivyo ilivyo huku, nimeshazoea.

Redio wako


Jumatatu, 23 Machi

Mke wangu,

Natumaini ulifika salama na mapaja yamekusamehe. Mimi tangu Jumamosi nakuna kichwa. Ile siku naijumlisha toka mwanzo hadi mwisho, haijumliki.

Asubuhi ulishuka kwenye basi ukicheka. Ulipoona kiti cha baiskeli ulisema kimeundwa na mtu asiye na makalio, hata Bi Meneja akacheka, na yule hacheki bure. Jioni ukapanda basi, ukaniambia, "Asante kwa baiskeli," kwa ile sauti unayowapa madaktari wanaoleta koti lenye wino. Sasa kati ya kicheko kile na sauti ile, ni kitu gani kilitokea? Maana mimi nilikuwepo muda wote na sikukiona.

Ninachojua ni kwamba nilikupa heshima ambayo hata mke wa waziri hajawahi kupewa kwenye msafara wetu. Labda kazi yangu sikukueleza vizuri. Mbele anakwenda kiongozi, yule dada mwenye miguu mirefu, kazi yake ni kuonyesha njia, na njia yenyewe ni moja. Nyuma kabisa nakaa mimi, mkia. Mkia hampiti mgeni wa mwisho hata dunia ipasuke. Wala haendi sambamba naye, kwa sababu barabara ni nyembamba na matrekta ya zabibu hayapigi honi. Mgeni wa mwisho akikimbia, mkia anakimbia. Akipunguza, mkia anapunguza, tena hasemi kitu, kwa sababu mtu aliyechoka hapendi kuambiwa kwamba amechoka. Hiyo ndiyo adabu ya kazi yetu, na nusu yake niliivumbua mimi.

Basi ukawa mgeni wa mwisho tangu kona ya kwanza. Nikasema moyoni, safi, siku nzima niko na mke wangu. Ukapunguza, nikapunguza. Ukapunguza tena, nami nikapunguza tena. Pale baada ya daraja tulikuwa polepole kiasi kwamba kuku wa shamba la jirani alitupita kwa miguu, akasimama, akageuka kututazama. Mimi nyuma nilikuwa nayumba kama mtu aliyeonja bila kutema, kwa sababu baiskeli ikikosa mwendo inakosa akili. Sikulalamika. Nilisema huyu mama amechoka, nisimwaibishe mbele ya watu.

Wakati wa chakula nilitaka kuja kukaa na wewe, lakini wawili walikuwa na pancha na mmoja cheni yake ilikuwa imetoka akaificha, eti aliona aibu. Nikawatengenezea huku nawasimulia ile ya nahodha na kasuku. Uliwaona walivyocheka? Mmoja alijimwagia glasi nzima. Nilitaka uone mumeo anathaminiwaje huku.

Halafu tukachelewa kiwanda cha mwisho, geti likawa limefungwa, na wageni wakaanza kunung'unika chini chini kwamba kuna mtu anaendesha kama anasindikiza maiti. Nikawaambia mwenye neno aje aniambie mimi. Wakageukia baiskeli zao. Nilikutetea mpaka mwisho, Bosi. Bi Meneja mpaka leo amenuna, naye ana sababu yake, nitakueleza.

Sasa niambie kosa langu.

Redio


Jumatano, 25 Machi

Redio,

Umeomba kuambiwa kosa lako. Kaa chini.

Nilikuwa napunguza mwendo ili unifikie.

Sikuwa nimechoka. Mimi nasukuma matoroli ya mashuka yaliyolowa kutoka asubuhi hadi jioni, vile vilima vyenu kwangu ni mteremko. Nilipunguza ili uje ubavuni mwangu tuongee. Hukuja. Nikasema labda hajaelewa, nikapunguza tena. Nikasikia cheni yako nyuma, tik, tik, tik, nayo inapungua. Nikageuka, ukanipungia mkono. Mkono, Redio, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Nikasimama kabisa. Nikajifanya naangalia zabibu. Nawe ukasimama, palepale ulipo, ukaanza kuangalia zabibu. Nikakuambia, "Si uje hapa?" Ukanijibu, "Nipo nyuma yako, usiogope." Nilikuwa naogopa nini? Zabibu?

Mume wangu anayeweza kuongea na nguzo ya umeme ikamjibu, siku moja niliyoiombaomba ili aongee na mimi, alinifuata kimya toka asubuhi hadi jioni kama askari kanzu. Nilifikiria kila kitu njiani. Nilifikiria amenichoka. Nilifikiria anaona haya, mke wake hajui kuendesha. Pale kwenye kuku, kwa sababu na mimi nilimwona yule kuku, nilifikiria labda kuna mwanamke mwingine kwenye ule msafara na hutaki atuone sambamba. Ndiyo, nilifika huko. Baiskeli inampa mtu nafasi ya kufikiri sana.

Wakati wa chakula nilikaa na mkate na jibini chini ya ule ukuta wa mawe. Nikaona watu nisiowajua wanakula hadithi ya nahodha na kasuku, hadithi ambayo mimi nilisimuliwa siku tulipojuana, nikadhani ni yangu. Mama mmoja mgeni akasogea, akaniuliza kama nimekuja peke yangu. Nikamwambia ndiyo.

Uliniahidi. Wewe ulikuwa na jambo, hukulisema. Langu nimerudi nalo kwenye basi. Siku za mkataba zinakwisha, na sasa sijui hata kama jambo lenyewe bado linastahili kusemwa.

Usinitetee tena kwa wageni.

Mkeo


Alhamisi, 26 Machi

Shemeji,

Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa mkasi. Lakini dada yangu jana amekaa kwenye kiti cha wateja hapa kinyozini mpaka nikafunga, ameeleza safari yenu yote. Nilikuwa na kichwa cha mwalimu mkononi, nikakisikiliza kisa na kukisahau kichwa, mwalimu akatoka amenyolewa upande mmoja. Hasara hiyo ni yako.

Kwa hiyo kweli, shemeji yangu, ulimfuata dada yangu siku nzima kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani? Na mdomo wako ulikuwa wapi? Wewe ambaye siku ya mahari uliongea mpaka wazee wakasahau kupandisha bei?

Nakuambia jambo, nalo usiseme limetoka kwangu. Wewe unafikiri swali ni yeye kuja huko. Swali ni wewe kuja huku. Ile nyumba ya hospitali ina vyumba viwili, na nyuma kuna banda. Alinipeleka nilione. Aliingia humo, akalipima kwa miguu, akaniuliza kama meza ya fundi baiskeli inaenea na watu wakapita. Hilo ndilo alilokuja nalo kwenye mizabibu yenu. Hatakuandikia, kwa sababu ana kiburi, na kiburi hicho ni cha ukoo, hata mimi ninacho.

Ukimwambia nimesema mimi, siku utakayokuja kunyolewa chagua sikio utakalobaki nalo.

Shemeji yako, Kinyozi


Jumapili, 29 Machi

Mke wangu,

Nimesoma barua yako nimekaa, kama ulivyoniagiza. Halafu nikasimama. Halafu nikafungua baiskeli nzima, nikaisafisha, nikaifunga, nikaona bado nina hasira, nikaifungua tena.

Sasa sikiliza na wewe. Unajua kwenye kile kiwanda cha mwisho kulikuwa na nini? Kulikuwa na Bi Meneja. Amekaa mezani, amevaa vizuri, anakungoja wewe. Hoteli inatafuta mkuu wa kufulia. Nimemsumbua tangu mwaka uanze, nimemsifia mashuka yako mpaka akaanza kunikwepa kwenye korido. Akakubali akuone, na mimi nikapanga iwe mwisho wa safari, ukiwa umeshaipenda nchi hii kwa macho yako. Hilo ndilo jambo langu. Kila ulipopunguza nilikuwa naangalia jua. Najua anangoja. Na sikukuharakisha, kwa heshima. Wewe unapunguza ili tuongee, mimi napunguza ili nisikuaibishe, na mezani kuna mtu anaangalia saa. Akaondoka. Akaniambia mkeo kama hawezi kufika kwa wakati siku ya matembezi, mashuka atayafikishaje. Nilitamani kumeza pampu.

Na kuna lingine. Kuna mtu ameniambia habari ya banda. Simtaji, nayapenda masikio yangu.

Mke wangu, kwa nini mimi ndiye wa kuhama? Huku mimi ni mtu. Wageni wanarudi mwaka wa pili wananiulizia kwa jina. Nikisimama pale kilimani asubuhi, mistari ya zabibu imelala kama nywele zilizochanwa, najiona nimefika, mimi niliyeacha shule kabla ya kumaliza hesabu za kugawanya. Huko kwenu nitakuwa nani? Mume wa mkuu wa kufulia, amekaa bandani anabandika viraka, anasimulia habari za mvinyo kwa watu waliokuja kujazwa upepo.

Nakuomba usitie saini. Nimemwangukia Bi Meneja, amesema atakuona wiki ijayo, saa yoyote, hata ukija kwa miguu. Ningoje.

Redio


Jumanne, 31 Machi

Redio,

Barua yako imefika jana jioni. Nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, ili nikusikie.

Leo asubuhi nimetia saini.

Sikufanya kwa hasira, ingawa hasira ilikuwepo, ilikaa kiti cha pembeni. Nimefanya kwa sababu ya ile sehemu ya Bi Meneja. Tangu mwaka uanze unanitafutia kazi, na mimi sina habari. Umeniongelea kwenye korido na mwanamke niliyekuwa simjui, mkapanga siku, mkapanga meza, mkapanga nifike nikiwa nimelainika. Umenitafutia kazi kama unavyotafuta tyubu, unaangalia saizi, unachomeka. Hukuniuliza hata mara moja kama nataka kuacha niliyo nayo.

Mimi hapa nilianza kwa kufua matandiko ya wodi ya wazazi kwa mkono mashine zikigoma. Leo nikisikiliza mashine inavyozunguka najua imebeba nini na nani ameijaza vibaya. Wauguzi wapya wanaletwa kwangu kuonyeshwa jinsi ya kukunja. Wewe unasema huko wewe ni mtu. Na mimi hapa ni mtu, Redio. Hilo halikukupitia kichwani hata kwa bahati mbaya?

Habari ya banda ni kweli. Nililipima. Kaka yangu nitamshughulikia mwenyewe. Nilitaka kukuuliza kama ungependa, hilo tu, nione uso wako unavyofanya nikiuliza. Sikupata uso. Nilipata tik, tik, tik.

Nahamia Jumapili. Sikuulizi tena kitu. Nimekuambia tu nilipo.

Mkeo


Jumapili, 5 Aprili

Mke wangu,

Nimekaa siku kadhaa najaribu kukuandikia barua ya matusi ya heshima. Nimechana nyingi. Moja ilikuwa nzuri sana, ningekuonyesha, ila ilikuwa na uongo mwingi.

Nimekasirika. Naomba hilo lieleweke kabla sijaendelea. Umetia saini ilhali nilikuomba ungoje. Nimekasirika na wewe, na shemeji, na Bi Meneja, na yule kuku.

Jana tulitoka na msafara kama kawaida. Mgeni wa mwisho alikuwa mzee mmoja mstaafu, kofia kubwa, magoti yanalia kuliko baiskeli. Tulipovuka daraja akaanza kupunguza. Nikapunguza. Akapunguza tena. Nikaangalia mgongo wake, shati limelowa katikati, kichwa kinageuka kidogo kisha kinarudi. Nikajikuta nimekanyaga pedeli, nimempita nusu, niko ubavuni mwake, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu niajiriwe. Nikamuuliza, "Mzee, umechoka, au unataka mtu wa kuongea naye?"

Akaniangalia kama nimemwokoa kwenye maji. Akasema miguu yake haina tatizo lolote. Mke wake ndiye aliyekuwa mpenzi wa baiskeli, amefariki, na yeye amekuja kuona kile mkewe alichokuwa anakiona. Basi tukaenda sambamba, anaongea, mimi nasikiliza. Ndiyo, mimi. Trekta likatokea kwenye kona, tukaruka wote wawili kwenye mtaro, dada mwenye miguu mirefu akaja kunifokea mbele ya watu, na alikuwa na haki.

Nilikaa kwenye ule mtaro nimelowa matope mpaka kiunoni, nikaona kwamba mgeni nisiyemjua nilimuuliza swali moja, na wewe sikukuuliza. Siku nzima nilikuwa na jibu lako kichwani, tena nilikuwa nimeshalitafutia meza.

Leo nimemwambia Bi Meneja nitaondoka mavuno yakiisha, mwisho wa mwezi huu. Akauliza nani atawachekesha wageni. Nikamwambia wanunue kasuku. Akacheka, halafu hakucheka, halafu akasema baiskeli uliyoendesha wewe niichukue, kwa kuwa hakuna mwingine anayekikubali kile kiti. Nimekwenda kusimama pale kilimani. Sikuandikii nilichofanya pale, ila nilijifuta uso.

Siji kwa furaha, usije ukadanganyika ukanipokea kwa nyimbo. Nakuja nimekasirika, na huenda nikakasirika mpaka nikazoea. Nina hakika lile banda ni dogo. Nina hakika watu wa huko hawajui kufunga breki. Ukinikuta siku fulani nimekaa nimenyamaza, usiseme nimekuchoka, niulize, nami nitakuuliza.

Sasa kuna jambo limenishinda, naliandika nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilichukua kalamu niandike nitakapofikia, nikakwama. Mimi nimezunguka bandari zote hizo, naweza kukuelekeza njia ya jikoni kwenye meli iliyozama. Kwa wazee wako nilifika siku ya mahari, lakini nyumbani kwako sijawahi kufika. Si hii mpya tu, hata ile ya zamani. Likizo zote ni wewe uliyekuja. Bahasha zangu zote zinaishia kwa mlinzi wa geti la hospitali, na baada ya geti mimi sijui kitu, sijui unageukia kushoto au kulia.

Nielekeze, mke wangu. Taratibu, kama unamwelekeza mgeni.

Redio


Alhamisi, 9 Aprili

Redio,

Kwa mlinzi wa geti unageukia kulia. Unafuata ukuta mpaka utakapoona bomba la moshi wa mashine zetu, hapo utasikia na harufu ya sabuni, sasa ifuate harufu. Ukifika kwenye kamba za kuanikia pita katikati, usiguse shuka lolote kwa mikono hiyo yako ya mafuta. Nyumba ni ya tatu kutoka kwenye kamba. Mlango wa kijani, unakwama, unausukuma kwa bega.

Banda ni dogo, ulivyosema ndivyo. Juzi nimetoa mbao zilizokuwa humo, nikapiga deki, nikasimama ndani nikaona ni dogo zaidi ya nilivyopima. Nikakasirika na mimi, nikakumbuka hukuwepo nikukasirikie, nikakasirika zaidi. Tutaona namna. Ukuta wa nyuma ni wa mabati, unaweza kusogezwa, nimeshauliza.

Sijakusamehe ile mikono uliyokuwa unanipungia. Nitakapokusamehe utaambiwa.

Barua yako nimemsomea kaka yangu ile sehemu ya mtaro. Amecheka mpaka akaomba kukaa. Ile sehemu ya kilima sikumsomea.

Siku utakayokuja huenda nikawa kwenye zamu. Ukikuta mlango umefungwa kaa kwenye ngazi ya mbele, kuna kivuli hadi mchana. Majirani watatoka kukuangalia, hawajawahi kukuona, na baadhi yao wanaamini sijaolewa. Wasalimie tu. Wakikuuliza wewe ni nani, waambie. Lakini usiwasimulie chochote kabla sijarudi. Safari hii nataka kuwa wa kwanza kusikia.

Mkeo